DAKTARI LIVINGSTONE: MSAFIRI ALIYEKUFA AMEPIGA MAGOTI

Askari aliyepangwa lindo la usiku katika Zone Industrielle ya Bujumbura huwa na saa nyingi za kukaa na nafsi yake. Malori yamekwisha kuondoka, malango ya viwanda yamefungwa, na upepo wa ziwa unavuma kutoka magharibi. Hapo ndipo yale aliyoyasahau mchana humrudia: maradhi ya mtoto, msiba wa nyumbani, deni lisilolipika, mwenzake aliyeanguka kazini. Bunduki aliyo nayo begani yaweza kumlinda na mwizi, lakini haiwezi kumlinda na huzuni. Wengi katika saa kama hiyo humwelekea Mungu, kila mmoja kwa dini yake; na baadhi yao huona haya kulikiri jambo hilo mbele ya wenzao, wakidhani kwamba sala ni kimbilio la wanyonge.

Leo tunawaletea ndugu zetu wanajeshi na polisi maisha ya mtu ambaye hata maadui zake hawakupata kumwita mwoga, na ambaye alisali mpaka dakika yake ya mwisho. Mtu huyo ni Daktari David Livingstone. Tunamchagua yeye kwa kuwa mwezi Novemba 1871 alipita hapa hapa kwetu, kwa mtumbwi, akichunguza mdomo wa mto Rusizi, ambao hauko mbali na viwanda hivyo vinavyolindwa usiku. Jiwe kubwa la Mugere, kusini mwa Bujumbura, limechorwa jina lake pamoja na la mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Wengi wetu tumelipita jiwe hilo bila kujua ni mtu wa namna gani aliyesimama pale, wala ni mizigo gani aliyokuwa ameibeba moyoni.

MTOTO WA KIWANDANI

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika kijiji cha Blantyre, nchini Scotland, penye kiwanda cha pamba kando ya mto Clyde. Wazazi wake, Neil na Agnes, walikuwa maskini, na jamaa nzima iliishi katika chumba kimoja. Alipotimiza umri wa miaka 10 alipelekwa kiwandani kuunganisha nyuzi zilizokatika kwenye mashine. Wazee wa Bujumbura wanaokumbuka jinsi kiwanda cha COTEBU kilivyofuma nguo za pamba wataelewa kelele na vumbi la kazi hiyo. Lakini mtoto yule alianza kazi saa kumi na mbili asubuhi akamaliza saa mbili usiku, kisha akaenda shule ya usiku. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha Kilatini, akakiweka juu ya mashine ili asome sentensi moja moja kila apitapo.

Kwa njia hiyo alifika chuoni Glasgow mwaka 1836 kujifunza udaktari, na mwaka 1840 akapata cheti chake. Mwaka huo huo Chama cha Wamisionari cha London kilimtuma kusini mwa Afrika. Huko mwaka 1844, mahali paitwapo Mabotsa, simba alimrukia na kuuvunja mfupa wa mkono wake wa kushoto. Aliyemwokoa ni mwalimu Mwafrika, Mebalwe, aliyemvuta simba huyo kwake kwa kumlenga bunduki, naye akajeruhiwa. Tunaomba msomaji aukumbuke mkono huo, maana tutaurudia.

Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari wa Kuruman. Mwaka 1850 walimzika mtoto wao mchanga, Elizabeth, aliyeishi majuma sita tu. Mama mkwe alimlaumu Livingstone kwa ukali kwa kumpitisha binti yake mja mzito katika jangwa la Kalahari, na lawama hiyo haikukosa ukweli. Mwaka 1852 alimpeleka mkewe na watoto Uingereza, akabaki peke yake na njia.

USIKU WA ZUMBO

Sala ya Livingstone haikuwa ya kanisani peke yake. Mwezi Januari 1856, akiwa na zaidi ya Wakololo mia moja aliopewa na chifu Sekeletu, alifika penye makutano ya mito Luangwa na Zambezi, karibu na Zumbo. Wenyeji wa hapo walikuwa wamepigana na Wareno, wakamdhania kuwa mmoja wao. Walikusanyika wakiwa na silaha, nao wanawake na watoto wakaondolewa vijijini. Mwanajeshi yeyote anajua maana ya dalili hiyo.

Jioni ile Livingstone alitaabika. Aliona kwamba huenda kesho atauawa, na habari zote alizokusanya kwa miaka mingi zipotee pamoja naye. Akafikiri kuuvuka mto kwa siri gizani. Kisha akaifungua Biblia yake, akasoma ahadi ya Yesu kwa wanafunzi wake kwamba atakuwa pamoja nao siku zote, akasali, na akabadili shauri. Aliandika katika daftari yake kwamba hatavuka kwa kujificha kama mtoro, atavuka mchana.

Kulipokucha walipewa mtumbwi mmoja tu. Livingstone aliwatanguliza watu wake, kundi baada ya kundi, pamoja na mizigo na ng'ombe, yeye akabaki ng'ambo ya hatari. Aliwaonyesha wale wenye silaha saa yake ya mfukoni na kioo chake kinachowasha moto kwa jua, wakastaajabu na kucheka, hata zamu yake ikafika. Yeye ndiye aliyeingia mtumbwini wa mwisho, akawashukuru, akawatakia amani.

Tunaona katika kisa hiki jambo la kuzingatiwa na kila mwenye kuongoza kikosi. Sala haikuwaondoa watu wale wenye mikuki ukingoni. Iliyabadili mawazo ya kamanda, naye akaacha kukimbia, akakumbuka kwamba nafasi ya kiongozi ni nyuma ya watu wake wakati wa kuvuka. Baada ya sala ile bado palihitajika akili, saburi na mtumbwi.

MISIBA JUU YA MISIBA

Mwaka huo wa 1856 alifika Quelimane katika pwani ya Msumbiji, akiwa amelikata bara kutoka Luanda. Alirudi Uingereza akasifiwa mno. Lakini sifa ni kivuli. Hufuata jua likizunguka. Mwaka 1858 alirejea akiongoza msafara wa serikali wa mto Zambezi, na msafara huo haukufanikiwa. Maporomoko ya maji yaliizuia meli yake, homa iliwaangusha wenzake, naye hakuwa kiongozi mwema kwa Wazungu waliokuwa chini yake. Alikuwa mkimya, mkali, mwepesi wa kushuku. Aliwafukuza baadhi yao, na mmoja, mchoraji Thomas Baines, alifukuzwa kwa tuhuma ya wizi ambayo daima aliikana. Tunalisema hili waziwazi ili pasiwe na mtu wa kufikiri kwamba anayesali hageuki kuwa mkosefu. Livingstone alisali, na bado aliwakosea wenzake.

Mkewe alimfuata Zambezi mwaka 1862. Tarehe 27 Aprili mwaka huo huo alifariki kwa homa huko Shupanga, akazikwa chini ya mbuyu. Mtu yule aliyekuwa amewafumba macho wafu wengi alilia kama mtoto. Aliandika kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani kufa. Miaka miwili baadaye mwanawe mkubwa, Robert, aliyekuwa ameingia katika jeshi la upande wa Kaskazini wa Marekani kwa jina la kujibandika, alitekwa vitani akafa mfungwa Desemba 1864, akiwa na umri wa miaka 18. Baba hakuwa amekaa na kijana huyo ila kwa vipindi vifupi. Hakuna maumivu makali kwa mzazi kuliko kumpoteza mtoto ambaye hakupata nafasi ya kumjua.

Mwaka 1866 Livingstone alipita Unguja, akashuka pwani karibu na mto Ruvuma ili kutafuta chemchemi za mto Nile na kuyafichua maovu ya biashara ya utumwa. Msafara ulipukutika mmoja mmoja. Wengine walimkimbia, wakafika Unguja na kusema kwamba ameuawa. Tarehe 20 Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka msituni na mzigo uliokuwa na sanduku la dawa, pamoja na kwinini yote. Kwa daktari aliyeijua homa ya nchi zile, upotevu huo ulikuwa kama hukumu ya kifo, na ndivyo alivyouona.

Lakini tazameni alichoandika siku ile ile. Aliwatetea wezi wake! Alisema kwamba walikuwa wameuzwa utumwani tangu utotoni, hawakupata wa kuwafundisha. Tena akajitia moyo kwamba jambo hilo nalo limetokea kwa idhini ya Mwenye kumwangalia kwa huruma, na kwamba huenda sanduku la dawa lingemletea shuku mbele ya watu wanaoogopa uganga. Mtu aliye katika maumivu kwa kawaida hutafuta wa kumwadhibu. Huyu alitafuta sababu ya kusamehe.

BASTOLA ISIYOFYATULIWA

Tarehe 14 Machi 1869 alifika Ujiji akiwa mgonjwa wa mapafu, akakuta sehemu kubwa ya vifaa alivyotumiwa imeibwa. Akavuka ziwa kuingia Manyema. Huko Kabambare, tangu katikati ya mwaka 1870 hadi Februari 1871, vidonda vya miguu vilimfunga kitandani. Hakuwa na daktari ila yeye mwenyewe, wala barua kutoka kwa watoto wake. Katika siku zake za Manyema aliisoma Biblia yote mara nne, tangu mwanzo hadi mwisho. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino alioutengeneza kwa mimea.

Mwezi Machi 1871 alifika Nyangwe, kwenye mto Lualaba, palipokuwa na soko kubwa la wanawake. Alipenda kuketi sokoni hapo akisikiliza vicheko na kubembelezana bei. Tarehe 15 Julai 1871 aliona watu watatu wa msafara wa wafanyabiashara wakiingia sokoni na bunduki. Alishangaa, maana haikuwa desturi, akafikiri kuwakemea. Punde bunduki zikalia. Watu walikimbilia mitumbwi iliyobanana gatini, wengine wakajitupa majini wakaogelea mpaka nguvu zikawaishia. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wao wanawake.

Livingstone alikuwa na bastola. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuwapiga risasi wauaji. Mfanyabiashara Dugumbe alimsihi asijiingize katika kisasi cha damu, naye akajizuia; baadaye alishukuru kwamba alijizuia. Badala ya kuua, aliwapokea baadhi ya waliookolewa akawarudisha kwa jamaa zao. Kisha akafanya lililo gumu zaidi kuliko kufyatua risasi: aliketi, akayaandika yote aliyoyaona, siku, mahali na majina.

Ni haki tuongeze kwamba wataalamu walipozisoma upya karatasi hizo kwa upigaji picha wa kisasa, matokeo yakatolewa mwaka 2011, waliona kwamba habari alizozichapa watu wengine baada ya kifo chake zilikuwa zimesafishwa. Ndani ya daftari halisi kuna hasira nyingi, na kuna mashaka juu ya mwenendo wa watu wake mwenyewe waliotumwa kwake kutoka Unguja. Habari hizo hazimwondolei heshima. Zinatuonyesha kwamba aliyekuwa akisali ni binadamu aliyekuwa akichemka.

Na hapa ndipo tunapoliona fundisho kubwa la maisha yake kwa watu wa kazi yetu. Mwenye silaha aliyeumizwa ni mtu wa hatari. Msiba usiotolewa kwa Mungu wala kwa mwenzake hugeuka uchungu, na uchungu hutafuta mahali pa kutokea. Mara nyingi hutokea kwa mnyonge asiyehusika, kwenye kizuizi cha barabarani, katika chumba cha mahojiano, au nyumbani kwa mke na watoto. Livingstone alikuwa na kila sababu ya kufyatua. Kilichomsaidia ni mazoea ya miaka mingi ya kuuweka uchungu wake mbele ya Mungu kila jioni, pamoja na rafiki aliyethubutu kumshika mkono. Mazoea hayo hayapatikani siku ya tukio. Kama kulenga shabaha, hufanyiwa mazoezi kabla.

Baada ya mauaji yale alirudi Ujiji kwa miguu. Njiani, mwezi Agosti, wenyeji wenye hasira ya haki walimdhania mshiriki wa wauaji wakamrushia mikuki, mmoja ukampita karibu kabisa. Alifika Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871 amebaki mifupa, akaambiwa kwamba mtu aliyekabidhiwa bidhaa zake ameziuza zote. Alikuwa karibu na kuwa ombaomba. Majuma machache baadaye Stanley aliingia mjini na dawa, chakula na barua. Livingstone aliupokea msaada huo kama jibu la sala. Wawili hao wakapanda mtumbwi kuelekea kaskazini, wakapokewa Mugere kwa Mukamba, wakaona kwa macho kwamba Rusizi unamwaga maji ziwani, wala hauyatoi. Kwa hiyo tumaini kwamba ziwa letu lingeweza kuulisha Nile kwa njia hiyo likafa.

KITANDA CHA ILALA

Stanley alimsihi warudi pamoja Uingereza. Alikataa, kwa kuwa aliamini kazi haijaisha, na waliagana karibu na Tabora tarehe 14 Machi 1872. Siku tano baadaye, siku ya kuzaliwa kwake, aliandika kwamba anajitoa upya kwa Mungu.

Mwezi Agosti 1872 aliondoka na wapagazi wapya kuelekea vinamasi vya Bangweulu. Mvua haikukatika. Alikuwa akitoka damu tumboni kila siku, akabebwa mabegani kuvuka maji, na mwezi Aprili 1873 hakuweza tena hata kukaa juu ya punda. Watu wake wakamtengenezea machela. Hata hivyo siku za Jumapili, kila alipoweza, aliwakusanya wakasali.

Katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Ilala, ambayo leo ni Zambia, walimjengea kibanda. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 1 Mei 1873 kijana Majwara, aliyekuwa akilala mlangoni, alimwita Susi kwa hofu. Susi, Chuma na wenzao waliingia. Mshumaa ulikuwa ukiwaka. Bwana wao alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, uso wake ndani ya viganja, juu ya mto. Walisubiri kidogo, wakidhani anasali. Mmoja akasogea akamgusa shavu, likawa baridi.

Mtu yule asiyeweza kusimama alikuwa amejikokota kutoka kitandani mwake, peke yake, ili apige magoti. Hatujui alimwomba nini Mola wake. Tunachojua ni kwamba mengi aliyokuwa akiyaomba hakuyapata. Chemchemi za Nile hakuziona. Alikuwa akizitafuta mahali zisipokuwapo. Watoto wake hakuwaona tena. Wala hakujua kwamba habari zake za Nyangwe, zilizochukuliwa na Stanley, zilikuwa zimewachoma watu wa Uingereza mioyo na kuongeza shinikizo juu ya Unguja. Tarehe 5 Juni 1873, majuma matano baada ya kifo chake, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Jibu lilifika, lakini mwombaji alikuwa amekwisha kuondoka.

Watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti, Jacob Wainwright akisoma sala za mazishi. Waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na magome, wakaubeba zaidi ya kilometa 1,500 hadi Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Afisa wa Kiingereza waliyekutana naye Unyanyembe aliwashauri wamzike hapo hapo, wakakataa. Huko London mwili ulitambuliwa kwa ule mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba miaka 30 nyuma. Tarehe 18 Aprili 1874 ulizikwa katika kanisa la Westminster, na Jacob Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza.

Wapo wanaosema, nao wana haki, kwamba njia alizozifungua Livingstone zilitumiwa baadaye na wakoloni. Historia itampima kwa hilo. Lakini wale waliomjua kwa karibu zaidi, Susi na Chuma na wenzao, walimpima kwa mabega yao kwa muda wa miezi tisa.

Ndugu askari, sala haikuwa kwa mtu huyu dawa ya kuondoa maumivu, wala badala ya kazi. Ilimpa mahali pa kuyaweka maumivu yake ili yasimwangukie mwingine, ikampa na nguvu za kuifanya kazi ya kesho. Ikiwa leo umefikwa na msiba, usione haya kupiga goti, au kutandika msala wako, kwa imani yako. Wala usione haya kumwambia kamanda wako, padri wako, shehe wako au mwenzako wa zamu kwamba umelemewa. Aliyepiga magoti Ilala hakupungukiwa na ushujaa hata kidogo. Anayelemewa akanyamaza, akaipokea bunduki yake na kwenda lindoni na uchungu wake, huyo ndiye tunayemhofia.